Damari, maganda ya alizeti na ukuta ulioachwa uchi

Saa nne na robo asubuhi kengele ya mapumziko inalia katika Shule ya Msingi Relini, Itigi, na watoto wanamwagika uwanjani kama mtama uliopasuliwa gunia. Damari Chidawali hageuki. Anazunguka tanuri la udongo lililo nyuma ya jiko la shule, anainama kwenye tundu la moto, anachungulia, anainuka, anatazama mawingu upande wa Manyoni. Kisha anaanza tena.

Stuli ameletewa. Kuku wa mlinzi ndiye aliyeikalia.

"Mama Belinda, kaa basi, unanitia kizunguzungu," anasema Hajira Shamte, jirani yake, ambaye leo ameacha biashara yake ya vitumbua ili amsaidie kulisha moto.

"Nikikaa, huu moto utajua nimechoka," anajibu Damari. "Tia vingine vitatu. Si hapo. Huku kushoto."

Hajira anasukuma vitofali vitatu vyeusi motoni kwa koleo. Ukivitazama haraka utadhani ni mikate iliyoungua. Ni maganda ya alizeti kutoka mashine ya kukamua mafuta, yamefinyangwa na kuanikwa juani wiki mbili. Juu ya moto huo yamepangwa mawe ya chokaa, na mawe hayo yanatakiwa yaive kabla jua halijazama.

Hili ni tanuri la tatu. Yaliyotangulia yote yalimwaibisha. La nne halitakuwepo, kwa sababu msimu wa kukamua alizeti umefika ukingoni na maganda yamekwisha mashineni. Na hatua hamsini kutoka hapo, ukuta wa magharibi wa jengo kongwe la shule umesimama bila lipu, udongo wake mwekundu uko nje kama kidonda kilichofunguliwa bandeji. Mvua ya kwanza kubwa ikiukuta hivyo, utayeyuka.

Aliyeubandua ni Damari mwenyewe.

Damari ana miaka hamsini na mmoja. Ni fundi wa lipu, mwanamke pekee wa kazi hiyo Itigi, na jambo hilo limemletea maneno ya kutosha. Alizaliwa Kintinku, kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo. Kila mwaka kabla ya mvua mama yake aliwatoa mabinti wote nje na ndoo, wakakandika kuta na paa upya. Mkono wake ulijua udongo kabla haujajua kalamu.

Alipoolewa Itigi alianza kama saidia fundi, akibeba zege na karai za mchanga kichwani. Mafundi walipokwenda kula, yeye alichukua mwiko na kujaribu. "Walirudi wakakuta nimemaliza kona," anasimulia. "Mmoja akauliza nani kapiga hii. Nikaanza kuosha mwiko. Akasema, basi huyo aliyepiga aendelee, mimi mgongo unaniuma."

Kazi ikipatikana hulipwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Mwezi mzuri una siku kumi na mbili za namna hiyo. Mwezi mbaya una tatu. Kwa kazi hii ya shule anapata elfu tano na sahani ya makande, na hajawahi kuiota usiku kazi nyingine kama anavyoiota hii.

Jengo lenyewe lilijengwa na watu wa reli zamani, kuta za mawe na udongo, unene wa futi mbili, na baraza lenye matao. Nje jua likiwa linachoma, ndani unaweza kutamani sweta. Vizazi vya Itigi vimejifunza a-e-i-o-u humo. Mwalimu mkuu, Tamimu, alisoma humo. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Festo Njiku, alisoma humo na kuchapwa humo, na hilo la pili hulisema kwa sauti kubwa zaidi.

Miaka kumi na mbili iliyopita jengo lilikarabatiwa. Lipu ya zamani ya chokaa ilibanduliwa, ikapigwa ya saruji, ikapakwa rangi ya krimu, likapendeza. Damari alikuwa miongoni mwa waliochanganya saruji hiyo, na alijiona amefika mjini.

Hakuna aliyefikiri kwamba ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini na hutaka kuyatoa. Chokaa huyapa njia. Saruji huyafungia mlango. Maji yakakaa humo mwaka hadi mwaka. "Kwa nje ukuta ulikuwa mgumu kama sahani," anasema Damari, "kwa ndani umekuwa ugali."

Machi mwaka huu kipande cha lipu ya saruji, kizito kama jiwe la kusagia, kilianguka kwenye dawati la darasa la pili. Watoto walikuwa nje wanapokea uji. Tangu siku hiyo wanafunzi mia moja tisini na watatu wa madarasa matatu ya chini wamehamishwa, wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana wakati akili imeshalala.

Mhandisi alikuja, akatikisa kichwa, akaandika kwamba jengo litengenezwe ipasavyo kabla ya mvua au libomolewe. Kamati ikaanza kuegemea kubomoa. Festo alikuwa na mchoro wa jengo jipya tayari, la tofali za kuchoma, na hana haya kusema sababu zake.

"Watu wananiona mimi adui wa historia," anasema Festo. "Dawati lile lililopigwa ni la mjukuu wangu. Angekuwa amekaa pale, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Ukimsikiliza huwezi kumlaumu. Hata Damari hamlaumu, ingawa wakikutana sokoni kila mmoja hugundua ghafla kwamba ana haraka.

Sasa kuna kisa ambacho Itigi nzima hukisimulia ikitaka kucheka. Nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na shimo lililofunikwa bati. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, laini kama siagi, kilichoachwa na mafundi wa zamani. Mwaka mmoja baada ya ule ukarabati, shule ikawa mwenyeji wa michezo ya UMITASHUMTA, ile ya shule za msingi, na ikatafutwa chokaa ya kuchorea uwanja. Damari, mtu wa kujitolea, akakumbuka shimo. Akalichota lote, karai baada ya karai, siku mbili nzima.

Mistari ya uwanja wa Relini ikang'aa hadi wageni wakauliza siri. Damari alipewa fulana.

Miaka ikapita. Alipokwenda Manyoni mwaka huu kumuuliza mzee Paskali, fundi mstaafu wa reli, dawa ya kuta za aina ile, mzee aliipokea shikamoo yake, akamkaribisha chai, akamweleza taratibu. Dawa ni chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikalazwa shimoni. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa bora. Kisha akamwambia kwamba bahati nzuri hana haja ya kuchoma, maana Relini waliacha shimo zima limejaa.

"Chai ilinipalia," anasema Damari. "Nikamwambia, mzee, lile shimo lilifunga magoli matatu kwa moja dhidi ya Kilimatinde."

Mzee Paskali hakucheka. Alimwambia achome basi.

Kwenye mkutano wa wazazi mwezi Agosti, Festo alipokuwa anawasomea watu mchoro wake, Damari alisimama kabla hajapewa nafasi. Akasema jengo linaweza kupona, na yeye ataliponya. Watu wakaguna. Mwalimu Tamimu, ambaye alitaka sana kusikia maneno kama hayo kutoka kwa mtu yeyote, akaomba kamati impe fundi mpaka mvua zianze. Wakampa, kwa shingo upande.

Mtu mwingine angechoma chokaa kwanza, akaona imekubali, ndipo aguse ukuta. Damari hajaumbwa hivyo. Jumatatu iliyofuata alifika na nyundo na patasi, na hadi Ijumaa ukuta wote wa magharibi, ule unaopigwa na mvua zaidi, ulikuwa uchi. Hakuwa na chokaa hata ya kujaza kikombe.

"Nilitaka uanze kukauka," anajitetea. Hajira anamtazama mpaka anaongeza: "Haya. Nilitaka pia wasiweze kunirudisha nyuma."

Tanuri la kwanza alilipanga kwa kuni. Mawe ya chokaa yaliletwa na mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa bondeni, na kuni alikusudia kuzikata kwenye vichaka vya Itigi, msitu ule mfupi, mkavu, uliosongamana, ambao mgeni huuona takataka na mwenyeji huuona ghala la asali. Mzigo wa kwanza ulipokuwa njiani, afisa misitu aliusimamisha. Vichaka vile havikatwi ovyo, na tanuri moja la chokaa hula kuni za mikokoteni minane.

Aliyemwita afisa huyo ni Gasto, mdogo wa marehemu mume wa Damari. Gasto ana mizinga sitini humo vichakani. Hakujificha. Alikuja mwenyewe hadi kwenye tanuri, akasema kwa upole wake ule unaoudhi kuliko matusi: "Shemeji, ukuta wako utapona. Nyuki wangu watakula nini?"

Damari alimjibu vibaya mbele za watu. Wiki tatu hawakusalimiana, na maneno yakazagaa kwamba ukoo umepasuka kwa sababu ya ukuta wa serikali. Kuni chache zilizokuwa zimepatikana zilichoma mawe ya juu juu tu, yakatoka meusi kwa masizi na mabichi kwa ndani.

Lakini alichosema Gasto kilimkaa kooni. Kila alipopita kwenye mashine ya alizeti aliona mlima wa maganda, yanachomwa bure jioni moshi ukijaa mtaa. Akaomba viroba. Akapewa hamsini kwa furaha, maana yalikuwa uchafu.

Tanuri la pili likawa la maganda, ya kumwaga hivyo hivyo. Yaliwaka kama karatasi, kwa kishindo, kisha majivu. Yakamwagwa mengine, yakawaka, majivu. Kufikia saa nane viroba vyote hamsini vilikuwa vimekwisha. Mawe yalipotolewa na kumwagiwa maji mbele ya nusu ya kamati, yalimaliza ndoo nzima bila kutoa hata mlio. Jiwe lililoiva likipata maji huchemka na kupasuka. Haya yaliloana tu.

Festo hakucheka. Kijana mmoja nyuma yake ndiye aliyeuliza kama fundi anachoma chokaa au anachemsha supu ya mawe, na hilo jina, Supu ya Mawe, lilimfuata Damari sokoni wiki nzima.

Kilichogeuza mambo ni hesabu ya tofali. Gasto alikwenda kwenye kikao cha kamati akidhani anakwenda kushangilia kubomolewa. Akamsikia Festo akisoma kwamba jengo jipya litahitaji tofali elfu thelathini na mbili za kuchoma. Gasto akanyoosha mkono na kuuliza zitachomwa kwa nini. Kwa kuni, akajibiwa. Kutoka wapi? Kuni za karibu ni zile za vichakani, penye mizinga yake.

Jioni ile Gasto alibisha hodi kwa Damari.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa lugha ya kwao Damari, jambo ambalo hufanya akitaka kuomba msamaha bila kuutaja.

Damari alimwacha amesimama mlangoni kwa muda wa kutosha. "Umekuja kunikamata tena, shemeji?"

"Nimekuja kuona hayo maganda yako. Wewe unayachoma kama mtu anayefukuza mbu."

Gasto huyeyusha nta, na mtu wa nta huujua moto mpole. Alisema maganda yashindiliwe yawe magumu ndipo yatakaa motoni. Damari akachukua maganda ya mwisho mashineni, akapata na mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yaliyonyeshewa, ambayo wafuga nguruwe waliyakataa kwa ukungu, akachanganya kidogo ili mafuta yake yashikishe. Walipiga vitofali elfu moja na mia nne kwa mikono, yeye, Hajira na wanawake wanne wa mtaani, na stori zilizopigwa siku hizo hazifai gazetini. Mawe nayo, ambayo awali yalikuwa makubwa kama ngumi, yakavunjwa hadi ukubwa wa yai la kuku. Gasto akaazima kwa fundi wa kuchomelea feni ndogo ya kupuliza moto.

Na sasa ni siku yenyewe. Saa saba mchana moto umebadilika rangi, umetoka kwenye wekundu umekuwa kama kiini cha yai la kienyeji. Gasto anataka upungue kidogo. Damari anataka uongezeke. Wanabishana bila kutazamana, macho yote kwenye tundu.

"Shemeji, unaharakisha."

"Wewe na nyuki wako mna miaka yote. Mimi nina wiki sita."

Hesabu yake ni hii: chokaa ikishazimwa, ilale shimoni angalau wiki tatu. Lipu ipigwe tabaka tatu, kila moja ikauke pole pole. Mvua za hapa hufungua mwishoni mwa Novemba. Leo ni tarehe kumi na nne Oktoba. Hakuna siku ya ziada hata moja, na asubuhi hii mawingu yamejikusanya kama yana kikao.

Saa tisa upepo unageuka na kuanza kusukuma moto nje ya tundu. Hajira anaruka nyuma, ushungi wake umeungua ncha. Damari ananyakua bati la choo cha walimu lililokuwa limeegemezwa ukutani, analisimamisha upande wa upepo, analishika kwa mgongo. Anakaa hivyo karibu saa nzima, bati likimchoma begani, akitoa amri kwa mdomo. Mwalimu Tamimu anatoka darasani na vumbi la chaki mkononi, anashika ncha nyingine ya bati bila kuulizwa.

Jioni, kitofali cha mwisho kinaingia motoni. Tundu linazibwa kwa udongo. Damari anatangaza kwamba anakwenda kulala, anafika getini, anarudi kukagua kama udongo umeziba. Anafanya hivyo mara nne. Hatimaye Gasto anamshika mkono na kumsindikiza kwake.

Kesho yake saa tatu asubuhi tanuri limepoa vya kutosha. Kamati imekuja. Wazazi wamekuja. Wamekuja hata wasio na mtoto shuleni, maana burudani Itigi si nyingi. Festo amesimama mbele, mikono nyuma.

Damari anachomoa jiwe la kwanza, anarusharusha kiganjani. Ni jepesi. Jiwe lililoiva hupungua uzito. Anachukua la pili, la tano, la kumi, kutoka chini, kutoka katikati, anayaweka kwenye beseni la bati. Anamwaga maji kikombe kimoja.

Mawe yanaloana tu. Mtu mmoja anaanza kuguna.

Kisha jiwe moja linapiga mlio mdogo, kama kuni mbichi. Linapasuka ufa. La pili linafuata. Beseni linaanza kufuka mvuke, mawe yanavimba, yanabomoka yenyewe na kuwa unga mweupe unaochemka, watu wa mbele wanarudi nyuma wakikanyaga wa nyuma. Hajira anapiga kigelegele kinachowatoa walimu madarasani. Damari amekaa chini, kwenye vumbi, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Si yote yaliyoiva. Upande uliopigwa na upepo, karibu theluthi moja, umetoka mbichi. Yaliyobaki, yakishazimwa na kuchujwa, yanajaza nusu ya shimo jipya. Inatosha ukuta mmoja. Kuta nyingine tatu zitabaki na saruji yao mpaka msimu ujao wa alizeti.

Ijumaa kamati inakutana, na safari hii Festo ndiye anayependekeza. Ukuta wa magharibi upigwe lipu ya chokaa, ukabidhiwe kwa mvua. Aprili, mvua zikiisha, upimwe. Ukiwa mkavu, jengo libaki, kuta nyingine zifuate, watoto warudi. Ukiwa umelainika, libomolewe lote na asisimame mtu kulitetea tena.

Damari anasema ndiyo kabla katibu hajamaliza kuandika.

"Nimempa kipimo kigumu," Festo anakiri nje ya ofisi. "Ila ni mjukuu wangu atakayekaa chini ya ule ukuta. Nikimpa Damari kipimo chepesi, nitakuwa nimemdanganya yeye na mtoto."

Mipango ya Damari ni mingi, na anaitaja yote kwa pumzi moja. Anataka kuongea na mwenye mashine mapema, kabla ya Mei, maganda yote yawe ya shule. Anataka wale wanawake wanne wajifunze kupiga lipu, si kufinyanga vitofali tu. Anataka Gasto afundishwe adabu, lakini hilo anasema akimtazama Gasto, na Gasto anacheka.

Kwa sasa hana cha kufanya ila kungoja wiki tatu chokaa ilale, na hilo ndilo linalomshinda. Kila asubuhi anapita shuleni, anafunua shimo, anakoroga kwa mti ingawa haihitajiki, anaenda kuugusa ukuta kwa kiganja, anarudi. Ameshonesha maturubai matatu ya kuufunikia mvua ikiwahi.

Ukimuuliza kama anaombea mvua zichelewe, anakutazama kama umemtukana. Mahindi yake yatakula nini? Mizinga ya shemeji yake itapata wapi maua?

"Zichelewe hadi lipu ikauke, hapo sawa, wiki moja tu," anasema, na tayari ameanza kutembea kuelekea ukutani. "Halafu zije. Tena zije kubwa, za upepo wa kutoka upande huu huu, siku tatu bila kupumzika. Zikinyesha kidogo, ukuta ukisimama watasema ni bahati. Mimi sitaki bahati. Nataka zipige mpaka zichoke."